Maili za ndege ni akiba inayooza

Katika vitabu vya hesabu vya shirika la ndege, maili zilizo kwenye akaunti yako, yaani pointi ambazo shirika hukupa ukisafiri nalo ili baadaye uzitumie kukatia tiketi, zimeandikwa upande wa madeni. Kanuni ya kimataifa ya taarifa za fedha, IFRS 15, iliyoanza kutumika Januari 2018 na ambayo wahasibu wetu walio chini ya NBAA, bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu, wanaifuata, inamtaka muuzaji aigawe nauli uliyolipa mafungu mawili: fungu la kiti ulichokalia, na fungu la zawadi uliyoahidiwa. Fungu hilo la pili haliingii kwenye mapato mpaka uzitumie maili zako, au mpaka zife. Tena kanuni inaruhusu shirika kukadiria tangu mwanzo ni sehemu gani ya maili haitadaiwa kamwe, na kuitambua kidogo kidogo kuwa mapato. Maana yake kuna mhasibu mahali fulani, Dubai au Doha au Addis Ababa, ambaye sehemu ya kazi yake ni kukisia kwamba wewe wa Uyole, Mbeya, utasahau.

Na kwa kawaida anapatia.

Akiba haiozi, tulifundishwa. Ndiyo sababu mtu akifungua simu akakuta ana maili elfu saba na ushee huridhika, akazifunika tena akisema ataziacha zifike elfu hamsini. Lakini maili hazizai riba, na bei ya kitu zinachonunua hupanda bila mwenye nazo kuulizwa. Delta iliondoa jedwali lake la bei za tiketi za maili mwaka 2015, Flying Blue, mpango wa maili wa Air France na KLM, ikafuata 2018, United 2019. Zamani ulijua safari fulani ni maili kadhaa na ukapiga hesabu ya kuzifikia. Siku hizi bei inacheza na soko: unakaribia mstari, mstari unasogezwa.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Mtu wa Nyanda za Juu Kusini mwenye maili za kusaza azitumie mapema, kwenye safari ya kawaida, ikibidi kwa kumkatia tiketi mtu mwingine. Kisha apunguze akaunti zake zibaki mbili, au tatu kwa mbinde. Anayeziweka akisubiri safari kubwa ya maisha analikopesha shirika fedha bila riba, tena shirika ambalo linaomba asirudi kudai.

Wapo watakaosema habari ya maili ni ya watu wa Masaki na Oysterbay. Hawajakaa na wafanyabiashara wa Mwanjelwa. Duka la nguo, la vipuri, la vifaa vya simu, nyuma yake mara nyingi kuna mtu aliyewahi kufuata mzigo mwenyewe Guangzhou, Dubai au Istanbul. Wapo wa Tunduma wanaouza ng'ambo ya mpaka, Zambia. Wapo wenye parachichi wa Njombe na Rungwe wanaokwenda kutafuta wanunuzi kwenye maonyesho ya matunda, Berlin na kwingineko. Ongeza wahadhiri wa chuo kikuu cha MUST hapa Mbeya na wa Mkwawa kule Iringa, watafiti wa afya, wachungaji wanaoalikwa na makanisa rafiki, na shangazi ambaye mwanawe aliyeko Marekani alimtumia tiketi akamlee mjukuu. Hakuna hata mmoja wao anayeruka kila wiki. Wanaruka mara moja moja, na kila safari wakala wa tiketi anawatafutia iliyo rahisi siku hiyo.

Hapo ndipo tatizo letu linapotofautiana na la watu wa miji mikubwa. Kutoka Songwe, uwanja wetu wa ndege wa Mbeya, unaruka hadi Dar es Salaam, na safari ya nje inaanzia hapo upya, kwa bei iliyopo. Mwaka huu Ethiopian kwenda Guangzhou, mwaka ujao Emirates kwenda Dubai, mwaka mwingine Qatar au Turkish. Kila mara kaunta wanauliza kama ni mwanachama, kila mara unajaza fomu. Baada ya miaka michache una akaunti nne au tano zenye vijisalio ambavyo hakuna hata kimoja kinachotosha tiketi. Vikijumlishwa vingetosha, lakini havijumlishiki, kwa sababu kila shirika lina vitabu vyake.

Mipango hii ya maili haikubuniwa kwa ajili ya msafiri wa namna hiyo. Marekani ilipoondoa udhibiti wa nauli na njia za ndege mwaka 1978, mashirika yalijikuta yanagombania abiria yuleyule kwenye njia ileile. American Airlines ikazindua mpango wake wa AAdvantage tarehe 1 Mei 1981, United ikajibu siku chache baadaye, na dunia nzima ikaiga. Lengo lilikuwa kumfanya mtu wa Chicago mwenye ndege kadhaa za kwenda New York asubuhi hiyohiyo achague moja kila wakati. Maili ni malipo ya kuacha kuchagua. Sasa chukua Songwe. Uwanja ulianza kutumika Desemba 2012, ukachukua nafasi ya ule mdogo wa katikati ya mji, na tangu hapo mashirika yanayoruka kuja huku yamekuwa ya kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja, mara nyingine kidole kimoja. ATCL, yaani Air Tanzania, ina mpango wake unaoitwa Twiga Miles. Jiunge, hakuna ubaya. Ila tusidanganyane kwamba tunapandishwa ndege hiyo na maili. Tunapandishwa kwa kuwa ndiyo iliyopo, na kwa kuwa basi la Dar ni zaidi ya kilomita 800 kupitia Kitonga na Mikumi.

Tumeshawahi kuona uaminifu wa aina nyingine. Fastjet ilipoanza kuja Songwe mwaka 2013 haikumpa mtu maili wala kadi ya dhahabu. Ilikuwa na nauli ndogo kwa anayekata mapema, basi, na ikawapandisha ndege watu ambao hawakuwahi kufikiri wataingia ndani ya chombo hicho. Mwishoni mwa 2018 ikasimama. Mpaka leo malalamiko ninayoyasikia kuhusu uwanja wetu ni mawili, nauli na ukungu. Sijamsikia mtu akilalamikia pointi.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza kwa msafiri wa huku: pokea maili kila zinapotolewa bure, lakini usilipe hata shilingi elfu kumi zaidi kwa ajili yake. Zikishaingia, ziondoe.

Kuziondoa kunahitaji kwanza kujua zinakufaje, na hapa ndipo wengi wanapotelea, kwa sababu maili hazifi kwa namna moja. Kuna zinazokufa kwa umri. Maili za Skywards, ambazo ni za Emirates pamoja na flydubai, hudumu miaka 3 hivi, na hufutwa mwishoni mwa mwezi wako wa kuzaliwa. Zawadi ya ajabu kidogo ya kukutakia maisha marefu. Za Miles&Smiles ya Turkish nazo zina miaka 3. Kwa maili za aina hii haisaidii kuingia kwenye akaunti, wala kuruka tena. Safari mpya inaleta maili mpya zenye umri wake. Za zamani zinaendelea kuzeeka. Njia ni kuzitumia, au kulipa ili ziongezewe muda, jambo ambalo kwa salio dogo ni hasara juu ya hasara.

Nyingine zinakufa kwa ukimya. Qatar Airways iliingia kwenye mfumo wa pointi za Avios Machi 2022, ambao pia ni wa British Airways na Iberia, na Avios hubaki hai ilimradi akaunti isikae miezi 36 bila chochote kuingia au kutoka. Flying Blue inahesabu ukimya wa miezi 24. Kwa Avios, jambo dogo tu linaweza kuipa akaunti nzima uhai mpya, nazo zina fadhila nyingine: ukiunganisha akaunti zako za Qatar na British Airways unaweza kuhamisha salio kutoka moja kwenda nyingine. Kwa mtu aliyeruka na yote mawili, hiyo ni mojawapo ya nafasi chache za kweli za kujumlisha vijisalio.

Aina ya tatu ya kifo haina tarehe. Shirika linaanguka na maili zinaanguka nalo. Air Berlin ilipofilisika Agosti 2017, wanachama wa mpango wake wa Topbonus walikuta akaunti zimegandishwa. Ansett ya Australia ilisimama Septemba 2001 na mamilioni ya pointi yakaenda nayo. Sisi tuliokwishaona mashirika yakija na kuondoka angani kwetu hatuhitaji kufundishwa somo hili na Wajerumani, lakini ndivyo ilivyo: katika foleni ya wadai, mwenye maili yuko nyuma kabisa, na mara nyingi foleni inafungwa kabla hajafika dirishani.

Halafu kuna upande wa pili wa sarafu hiyohiyo. Mwaka 2020, janga la UVIKO-19 lilipozishusha ndege chini, United iliweka rehani mpango wake wa MileagePlus ili ikope fedha, na ikautaja kuwa na thamani ya dola bilioni 21.9 hivi. Thamani ya hisa zote za kampuni sokoni wakati huo ilikuwa ndogo kuliko hiyo. Mpango wa zawadi ulikuwa na thamani kubwa hivyo kwa sababu benki hununua maili kwa wingi ili ziwagawie wenye kadi zao za mkopo. Huku kwetu, ambako wengi wanalipa kwa M-Pesa, Mixx na Airtel Money, bomba hilo la maili halipo. Ushauri wote unaozunguka mtandaoni wa kuvuna maili kwa kadi unamhusu mtu mwingine. Usijilaumu kwamba huna maili laki tano. Zile laki tano hazikutokana na kuruka.

Sasa matumizi. Kipimo ni kimoja na hakihitaji mtaalamu. Chukua bei ya tiketi kwa fedha, toa kodi na tozo ambazo utalipa hata ukitumia maili, kinachobaki gawa kwa idadi ya maili zinazotakiwa. Tuseme, kwa mfano tu, tiketi inauzwa shilingi 400,000, na kwa maili wanataka maili 8,000 na shilingi 80,000 za kodi. Tofauti ni 320,000. Kila maili imekuletea shilingi 40. Kisha nenda kwenye duka la zawadi la shirika hilohilo. Begi ambalo Kariakoo ungelipata kwa 60,000 linataka maili 6,000. Hapo maili yako imeuzwa shilingi 10. Maduka hayo ya zawadi yapo kwa ajili ya watu wenye salio dogo, na yanajua hivyo.

Hesabu hiyohiyo inafichua jambo jingine. Tiketi ya maili haiwi bure. Kodi na tozo za viwanja hulipwa kwa fedha, na baadhi ya mashirika huongeza juu yake tozo yao wenyewe, wanayoiita ya mafuta au ya shirika, ambayo katika safari ndefu inaweza kuwa kubwa kiasi cha kukufanya ujiulize ulichookoa ni nini. Kwenye safari fupi tozo hizo huwa ndogo. Ndiyo maana naipendelea safari fupi.

Ila fupi ipi? Maili za mashirika ya nje kwa kawaida hazipandi hadi Songwe. ATCL haimo katika muungano wowote mkubwa wa mashirika ya ndege, hivyo salio lako la shirika la nje linaishia uwanja wa Julius Nyerere, Dar. Kutoka hapo linaweza kukupeleka Addis Ababa, Nairobi au Dubai, kutegemea ni la shirika gani, kwenda tu au kurudi tu pale mpango unaporuhusu, na upande wa pili ukalipa fedha. Kwa mfanyabiashara anayejua kabisa kwamba Juni atakwenda Dubai, kuna njia nyepesi zaidi: baadhi ya mashirika, Emirates ikiwemo, hukubali sehemu ya nauli ilipwe kwa maili na sehemu kwa fedha. Punguzo linaweza kuwa si kubwa. Lakini linakusafishia salio lote bila kusubiri kiti maalumu cha zawadi, na viti hivyo vya zawadi, msimu wa watu kufuata mizigo ya sikukuu, havionekani.

Maili za ndani ni habari tofauti. Zile za Songwe na Dar ndizo ambazo nisingethubutu kuzipeleka kwenye kiti cha daraja la biashara kwa safari ya saa moja na dakika. Mzazi ambaye ana rufaa Muhimbili na nyonga haziruhusu kukaa kwenye basi kutwa nzima, au aliyetoka hospitali na anatakiwa kurudi nyumbani Tukuyu: huyo ndiye wa kukatiwa tiketi hiyo. Mipango mingi inamruhusu mwanachama kumkatia mtu mwingine kutoka kwenye akaunti yake; mingine inataka umwandikishe mtu huyo kwanza kama mnufaika, na hilo lifanywe kabla ya dharura, kwani mfumo huweza kuchukua siku kadhaa. Emirates na Qatar zina utaratibu wa familia ambapo maili za ndugu zinaingia kapu moja. Kwa ukoo ambao kila mtu ameruka mara moja au mbili, kapu la pamoja ni bora kuliko vikombe vitano vya nusu.

Kuhusu ukungu wa Songwe, ambao huwarudisha watu Dar wakiwa wameshaona milima: tiketi ya maili ni tiketi. Shirika likifuta safari, dai maili zako na kodi ulizolipa zirudishwe, au upangiwe ndege nyingine kama abiria wenzako. Usikubali kuambiwa kwamba ilikuwa ya zawadi.

Nije kwenye kupunguza akaunti, kazi ambayo watu huiahirisha kwa kuwa haina raha. Kuna muungano wa mashirika yanayopokeleana maili, unaoitwa Star Alliance. Ethiopian iliingia Desemba 2011. Turkish na EgyptAir wamo pia, na wote watatu wanakuja Dar. Mtu mwenye akaunti tatu kwa ajili ya mashirika hayo matatu anahitaji moja tu: achague mpango mmoja, na namba hiyohiyo aitoe kaunta popote atakapopanda. Kenya Airways na KLM wako SkyTeam, muungano mwingine, na hapo pia moja inatosha, ingawa Kenya Airways ilijitoa Flying Blue na kuanzisha mpango wake wa Asante Rewards mwaka 2021, na wengi waliokuwa na namba ya zamani hawajui mpaka leo maili zao ziko wapi. Qatar yuko oneworld, muungano wa tatu. Emirates hayuko na mtu.

Onyo moja: tiketi za bei ya chini kabisa, ambazo ndizo wakala wetu anazotutafutia, zinaweza kuleta maili kidogo sana au zisilete kabisa zikipelekwa kwenye mpango wa shirika rafiki. Hilo halinibadilishi mawazo. Robo ya maili kwenye akaunti utakayoitumia ina faida kuliko maili kamili kwenye akaunti utakayoisahau.

Kabla ya kuunganisha chochote, angalia majina. Mtanzania ana majina matatu, pasipoti inaandika kwa mpangilio wake, wakala anaandika kwa mpangilio wake, na fomu ya uanachama ulijaza mawili tu ukiwa umesimama. Mfumo ukikuta jina la akaunti halilingani na la tiketi, maili haziingii, na hakuna anayekupigia simu. Mashirika mengi huruhusu kudai maili za safari iliyopita kwa miezi michache tu, mara nyingi sita, na huomba namba ya tiketi na bodingi pasi. Vile vipande tunavyovitupa kwenye pipa la Songwe vina kazi.

Hatari kubwa kuliko jina ni laini ya simu. Akaunti nyingi zimefungwa kwa namba ya simu, na namba ya kuthibitisha hutumwa huko. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni huifuta na baadaye kuiuza kwa mtu mwingine. Mtu huyo wa Mbalizi au wa Kahama, asiye na kosa lolote, ataanza kupokea namba za siri za akaunti yako yenye nakala ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa na pengine kadi ya benki. Kila akaunti ya maili uliyoisahau ni dirisha lililoachwa wazi. Matapeli nao wanajua lugha ya maili: ujumbe kwamba pointi zako zinaisha leo, bonyeza hapa. Mwenye akaunti mbili anajua salio lake na tarehe zake, hivyo ujumbe huo haumtishi. Mwenye akaunti saba anabonyeza.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinazoshikiliwa na kuomba zirekebishwe au zifutwe, na ipo Tume ya kupeleka malalamiko. Mashirika ya Ulaya yanabanwa na sheria yao inayofanana na hiyo. Kufuta akaunti kwa hiyo ni haki, hata kama kitufe chake kimefichwa chini ya kurasa tano.

Pointi za simu, za maduka makubwa na za vituo vya mafuta nazipitia haraka, kwani hazihitaji mjadala: zibadilishe kuwa dakika au bando kila zinapotosha, basi. Nitataja tu kilichotokea Kenya. Safaricom, iliyoanzisha Bonga Points mwaka 2007, ilitangaza mwaka 2022 kwamba pointi zenye zaidi ya miaka 3 zitafutwa kuanzia Januari 2023. Wateja wakapiga kelele, na kampuni ikarudi nyuma. Ni mara chache mteja hushinda namna hiyo, na alishinda kwa sababu walikuwa mamilioni katika nchi moja. Wenye Skywards wa Makambako hawawezi kuandamana.

Kuna jambo moja ambalo taasisi zetu hazipendi kulizungumza. Maili za safari ya kikazi ni za nani? Mhadhiri amekwenda Geneva kwa fedha za mradi, daktari amekwenda mafunzoni kwa fedha za umma, ofisa wa shirika lisilo la kiserikali anaruka Dar kila mwezi. Tiketi imelipwa na mwajiri, maili zimeingia kwenye simu ya mtu. Ujerumani, Julai 2002, Gregor Gysi alijiuzulu useneta, yaani uwaziri wa jimbo, wa uchumi wa Berlin, na mbunge Cem Özdemir naye akaachia nafasi, baada ya kufichuliwa kwamba walitumia kwa safari binafsi maili zilizotokana na safari za kibunge. Utaratibu wa huko ulitaka maili hizo zipunguze gharama za safari nyingine za kazi. Marekani, mwishoni mwa 2001, ilikuwa imepitisha sheria iliyoelekea kwingine kabisa: mtumishi wa serikali kuu abaki na maili zake, kwani gharama ya kuzifuatilia ilizidi faida.

Mimi naegemea upande wa Wamarekani kwa mtumishi mmoja mmoja, kwa sharti kwamba iandikwe. Mtu aliyelala kwenye viti vya Addis Ababa usiku mzima amelipia zile maili kwa mgongo wake. Kinachonisumbua ni taasisi inayonyamaza, kwa sababu ukimya unazaa tabia mbaya zaidi ya kuchukua maili: mtu anaanza kumwelekeza wakala amkatie tiketi ya bei ya juu kwenye shirika lenye akaunti yake, na mradi unalipa tofauti. Kampuni binafsi zina njia safi zaidi. Emirates, na Air France na KLM, wana mipango ya kampuni ndogo ambapo kampuni inapata pointi zake bila kumnyang'anya msafiri zake. Msafirishaji wa parachichi mwenye wafanyakazi wawili wanaoruka Ulaya kila mwaka ana sababu ya kusajili kampuni huko, na hiyo naihesabu kuwa ile akaunti ya tatu niliyoiruhusu kwa mbinde.

Wanaoruka kila mwezi, kweli, hesabu yao ni nyingine. Wao wanatafuta daraja la uanachama: mzigo wa ziada, foleni fupi, sehemu ya kupumzikia. Kilo za ziada za mzigo kwa mtu anayetoka Guangzhou ni fedha taslimu. Huyo akae na shirika moja kwa makusudi, na maili azione kama makombo ya mezani. Lakini hao ni wachache mno kati ya watu wanaoburuta mabegi Songwe.

Kwa waliobaki, panga vijisalio kwa tarehe ya kufa, siyo kwa ukubwa. Kinachokufa mwaka huu kitumike kwanza hata kwa thamani ndogo. Kinachohitaji kununuliwa maili za nyongeza ili kitoshe tiketi, piga hesabu ileile ya shilingi kwa maili kabla hujalipa, maana maili zinazouzwa rejareja huwa na bei ya juu. Na salio la maili 1,300 kwenye shirika ambalo hutapanda tena, liache life. Mhasibu wa Doha atakuwa amepatia kwa 1,300. Unachotakiwa kukifanya kwenye akaunti hiyo ni kuondoa kadi ya benki, kufuta pasipoti, kubadilisha namba ya simu kama ile ya zamani ulishaitupa, kisha kuomba kwa maandishi akaunti ifungwe, na kuhifadhi jibu lao.